Uvimbe wa ziwa, daktari wa upasuaji na hospitali ya jirani: jibu kwa msomaji wa Newala

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Newala. Mama yangu ana miaka 58, ana uvimbe kwenye ziwa la kushoto upande wa kwapa, ukubwa wa korosho yenye ganda. Hauumi. Zahanati walituelekeza hospitali ya misheni ambako kuna daktari wa upasuaji, naye amesema ziwa huenda likaondolewa. Mjomba anakataa, anataka mama apelekwe Dar moja kwa moja. Mama mwenyewe anasema tusubiri msimu wa korosho uishe. Nitajuaje kama daktari huyu anaiweza kazi hii, na ni mambo gani yafanyike ili tusije tukajuta?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa hofu iliyoingia nyumbani.

Neno moja katika barua yako limenipa moyo. Daktari amesema ziwa "huenda" likaondolewa. Daktari wa upasuaji anayeijua saratani hapangi siku ya kukata kwa kuushika uvimbe tu, hata kama vidole vyake vimeshahisi ni kitu gani. Anasubiri majibu ya kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachochukuliwa kupimwa maabara. Wa kumwogopa ni yule anayesema njooni Jumatatu na ndugu wawili wa kutoa damu, wakati mezani hakuna karatasi ya patholojia, yaani majibu ya maabara inayosoma kinyama kwa hadubini.

Kwa umri wa mama, uvimbe wa ziwa huchunguzwa kwa mkono, kwa picha na kwa kinyama, na vyote vitatu vifanyike. Kwa mkono, daktari ampime akiwa amekaa na akiwa amelala, maziwa yote mawili, makwapa yote mawili na juu ya mtulinga, kisha aandike ukubwa wa uvimbe kwa sentimeta. Korosho yenye ganda ni kama sentimeta 3, lakini faili linahitaji namba ya rula, maana mpango wa tiba hubadilika uvimbe ukivuka sentimeta 2, na hubadilika tena ukivuka 5. Picha ni ultrasaundi, na mamografia, yaani eksirei ya maziwa, inapopatikana. Kinyama huchukuliwa kwa sindano nene ya kukata, saizi 14, baada ya ganzi. Ngozi hutobolewa tundu moja dogo, vinatolewa vipande vinne au vitano vyembamba kama njiti za kiberiti, halafu mahali pale panagandamizwa dakika 10 ili damu isimame. Mama anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Yale maneno kwamba sindano inaichokoza saratani ikasambaa hayana msingi kwa ugonjwa wa ziwa, na yamewachelewesha wanawake wengi.

Ipo pia sindano nyembamba ya kufyonza chembe. Hiyo inafaa kwa mitoki ya kwapani, yaani tezi zilizovimba, lakini kwa uvimbe wenyewe haitoshi: inaweza kuonyesha chembe za saratani bila kueleza kama zimeshavunja mipaka yake, na haitoi nyama ya kutosha kupima vipokezi vya homoni, yaani sehemu za chembe zinazopokea homoni, ambazo ndizo zinazoamua dawa. Kama wana sindano hiyo tu, ombeni rufaa kwa ajili ya kinyama peke yake, kisha mrudi.

Kosa ninalowaomba sana mliepuke ni lile la "kutoa kivimbe" kwa ganzi ya kawaida mahali pasipo na njia ya patholojia. Kivimbe kinatolewa, kinatupwa, kidonda kinashonwa, miezi sita baadaye kimeota tena. Hapo mengi yameshapotea. Hakuna anayejua kilikuwa nini, hakuna anayejua kingo za mahali kilipokatwa zilibaki na nini, na kovu limepita mahali pabaya kiasi kwamba daktari wa pili analazimika kuondoa ngozi nyingi zaidi. Ikibidi kweli kuchukua kinyama kwa kisu, mkato uwe pale ambapo utaondoka na ziwa endapo upasuaji mkubwa utafuata.

Na majibu yakirudi yanasema hakuna saratani, msishangilie kwanza. Muulizeni daktari kama majibu hayo yanaendana na alichokigusa na alichokiona kwenye picha. Uvimbe mgumu usiotikisika kwa mama wa miaka 58 wenye majibu "safi" huchukuliwa kinyama mara ya pili.

Sasa elimu ya daktari. Huku kwetu kila mwenye koti jeupe huitwa dokta: tabibu, daktari msaidizi, daktari wa shahada, bingwa. Kuuliza ni yupi kati ya hao si utovu wa adabu. Daktari wa shahada amesoma miaka 5, akafanya utarajali mwaka 1 chini ya usimamizi, ndipo akasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Bingwa wa upasuaji ameongeza shahada ya uzamili ya upasuaji, miaka 3 au 4, au amepitia COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ambacho humfundisha mtu akiwa kazini hospitalini, jumla miaka 5 kwa upasuaji wa jumla. Bingwa bobezi wa upasuaji wa saratani ameongeza tena mafunzo juu ya ubingwa huo. Usajili na leseni hai ni matakwa ya sheria, na hospitali inayojiheshimu haioni haya kukuonyesha.

Je, mama anahitaji bobezi? Kwa uvimbe wa sentimeta 3 usioshika ngozi wala ukuta wa kifua, hapana. Kuondoa ziwa pamoja na tezi za kwapa ni upasuaji ambao bingwa wa upasuaji wa jumla amefundishwa. Bobezi anatafutwa pale saratani imerudi baada ya upasuaji wa kwanza, imeng'ang'ania kifua, au iko kwenye kiungo kigumu kama umio au kongosho. Daktari msaidizi naye ameokoa kina mama wengi wa kusini kwa upasuaji wa uzazi, na anastahili heshima yake, lakini ziwa lenye saratani si kazi yake akiwa peke yake.

Kuliko cheti ukutani, majibu ya maswali haya ndiyo yatakayokuonyesha daktari ni wa namna gani. Kinyama kinasomwa wapi na kinachukua siku ngapi? Nani atampa mama usingizi? Damu ikitoka saa nane usiku, nani atakuja? Anashauriana na nani wa saratani kuhusu dawa, kabla na baada ya kukata? Upasuaji wa aina hii amefanya mara ngapi mwaka uliopita? Mwenye kazi yake atakujibu bila kukasirika, na pengine atakuambia jambo fulani halifanyi na ataandika rufaa. Jibu kama hilo limpe alama nyingi machoni pako.

Uliza pia kama yeye ni mwajiriwa wa pale au amekuja na kambi ya madaktari bingwa. Kambi zinasaidia sana mikoa yetu, hasa kwa uchunguzi na kinyama. Lakini ziwa likiondolewa leo, mpira wa kutoa maji ya kidonda unaweza kukaa wiki nzima au mbili, na kambi ikifungwa keshokutwa lazima awepo aliyekabidhiwa mgonjwa kwa jina. Kama hayupo, mama asipasuliwe katika kambi hiyo.

Kuhusu mjomba. Katika nyumba zetu za kusini mjomba ana sauti, na ni vizuri aende naye kwa daktari asikie mwenyewe. Ila saini ya ridhaa ni ya mama, na aitie baada ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Akiwa mwepesi zaidi kwa Kimakonde, ombeni muuguzi anayekijua. Hoja ya mjomba kuhusu Dar ina ukweli nusu. Mionzi kwa watu wa kusini inafuatwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, na huko ndiko mpango wa dawa unakopangwa vizuri. Lakini mkifika Dar bila kinyama, mnaanza foleni upya kwa kipimo ambacho kingefanyika huku, huku mnalipa malazi. Kusini tuna Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Mtwara. Tuna Sokoine, Lindi. Tuna hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao. Mabingwa huhamishwa, kwa hiyo pigeni simu kabla ya kupanda gari mjue nani yupo. Ushauri wangu ni kinyama kichukuliwe huku, upasuaji ufanyike huku maswali yale yakipata majibu ya kueleweka, na Dar mwende kwa tiba ya dawa na mionzi mkiwa na karatasi kamili mkononi.

Umbali huo unagusa hata aina ya upasuaji. Kuondoa uvimbe peke yake na kuliacha ziwa ni tiba nzuri kwa uvimbe mdogo, lakini lazima ifuatiwe na mionzi, kwa kawaida siku 15 hadi 25, Jumatatu hadi Ijumaa, yaani wiki 3 hadi 5 za kukaa Dar. Mama asiyeweza kukaa huko muda huo ni salama zaidi kuondolewa ziwa lote. Hata hivyo kuondoa ziwa lote hakufuti mionzi daima. Tezi za kwapa nne au zaidi zikikutwa na saratani, bado itahitajika. Mwambieni mama hili mapema, asije akadhani amedanganywa.

Msimu wa korosho usisubiriwe. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2020, ukihusisha aina saba za saratani, ulikuta kila wiki 4 za kuchelewa upasuaji zinaongeza hatari ya kifo kwa asilimia 6 hadi 8. Kuvuna, kupeleka ghalani, kusubiri mnada na malipo ni miezi mitatu hivi. Ninaelewa kwamba bila korosho hakuna nauli. Gawanyeni gharama: kinyama kilipwe sasa, maana ni sehemu ndogo, na wakati majibu yanasubiriwa nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mkaulize msamaha kwa mgonjwa asiye na uwezo. Mkienda mna barua ya serikali ya kijiji mtasikilizwa haraka zaidi.

Majibu yakithibitisha saratani, kabla ya kisu kuna hatua moja inayorukwa mara nyingi: kujua imefika wapi. Kwa uchache, eksirei ya kifua na ultrasaundi ya ini, na kumuuliza mama kuhusu maumivu mapya ya mifupa, kikohozi na kupungua uzito. Kama uvimbe umevuka sentimeta 5, ngozi imekuwa kama ganda la chungwa, kuna kidonda, au mitoki ya kwapa imegandana, kisu hakitangulii. Inatangulia kemo, yaani dawa kali ya kuua chembe za saratani, uvimbe unapungua, ndipo daktari anakata. Anayekimbilia kukata katika hali hiyo hukosa ngozi ya kufunika kidonda na huacha ugonjwa nyuma. Na kama umeshafika kwenye ini au mapafu, kuondoa ziwa hakumponyi. Tiba kuu ni dawa.

Maandalizi ya upasuaji wenyewe hayana maajabu. Presha na sukari vipimwe na vitulizwe, na damu ikiwa chini ya gramu 10 itafutiwe sababu na kutibiwa kwanza ikiwa muda unaruhusu. Dawa za kienyeji zitajwe zote bila kuficha, kwa kuwa baadhi yake huvuruga kuganda kwa damu. Usiku wa kuamkia siku hiyo mama aoge kwa sabuni, na asinyolewe kwapa kwa wembe nyumbani. Vijidonda vya wembe ni mlango wa wadudu. Chakula kiishe saa 6 kabla ya nusu kaputi. Wengi wanakosea hapa: uji ni chakula, na chai ya maziwa nayo ni chakula. Maji matupu au chai ya rangi inaruhusiwa mpaka saa 2 kabla. Tumbo likiwa na kitu, hicho kitu kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu mgonjwa akiwa amelala.

Siku yenyewe, kabla mama hajalala, daktari achore alama kwa kalamu upande wa kushoto huku mama akiwa macho na akikubali. Hospitali makini hufuata orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 2008: kusimama mara tatu, kabla ya usingizi, kabla ya mkato, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani, na kutaja jina, upande, dawa ya kuzuia maambukizi ndani ya saa moja kabla ya mkato, na hesabu ya vitambaa. Upasuaji wa ziwa na kwapa huchukua saa moja na nusu hadi tatu.

Sasa nifike mahali ambapo hospitali nyingi za mikoani huteleza, nalo ni ziwa lenyewe baada ya kutoka. Kwa daktari wa saratani, kazi ya chumba cha upasuaji haijaisha mpaka nyama iingie kwenye formalini, yaani dawa ya maji inayoihifadhi isioze. Kwanza huifunga nyuzi za alama ili msomaji ajue juu ni wapi na pembeni ni wapi. Desturi iliyozoeleka ni uzi mfupi kwa upande wa juu na mrefu kwa upande wa nje. Halafu nyama iingie kwenye formalini ya asilimia 10 ndani ya saa moja. Isiwekwe kwenye maji ya chumvi wala spiriti, na isiachwe kwenye beseni hadi kesho. Formalini iwe mara kumi ya nyama: ziwa la gramu 600 linataka kama lita 6, kwa hiyo chupa ya nusu lita haifai, inatakiwa ndoo yenye mfuniko wa kubana. Na kwa kuwa formalini hupenya polepole, ziwa kubwa hupasuliwa mikato kutoka nyuma, bila kuharibu kingo, ili ifike katikati. Isipofika, katikati panaoza, na hapo katikati ndipo ulipo uvimbe.

Nyama ikikaa kwenye formalini chini ya saa 6 au zaidi ya saa 72, kipimo cha vipokezi kinaweza kudanganya. Kutoka Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500, na ndoo ikisubiri basi la wiki ijayo, saa 72 zimeshapita. Ulizeni: sampuli inaondoka siku gani, na nani, na jina la mama limeandikwa kwenye ndoo yenyewe au kwenye mfuniko? Liandikwe kwenye ndoo, maana mifuniko hubadilishana. Mkipewa ninyi kuibeba, ifungwe ndani ya mfuko wa pili, isimame wima, ikae mbali na chakula na watoto; mvuke wake unachoma macho na koo. Msipoteze fomu, nyama bila fomu haisomwi.

Majibu kamili yanataja aina ya saratani na daraja lake, ukubwa, hali ya kingo, tezi ngapi zimekutwa na ngapi zina ugonjwa, na vipokezi vitatu: viwili vya homoni, estrojeni na projesteroni, na HER2, ambayo ni protini ya juu ya chembe. Kwapa lililosafishwa vizuri kwa kawaida hutoa tezi 10 au zaidi; ikiandikwa 3, daktari aulizwe. Vipokezi vya homoni vikiwepo, mama atapewa dawa ya kuzuia homoni, mara nyingi tamoksifeni miligramu 20 kila siku, kwa miaka 5 au zaidi. Visipokuwepo, dawa hiyo haimsaidii chochote. Ndiyo maana ndoo ile imenichukua maneno mengi.

Wodini, mpira wa kutoa maji uandikiwe mililita kila siku kwa saa ileile. Hutolewa maji yakishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo. Saa za kwanza mkiona kifua kinavimba haraka na chupa inajaa damu nyekundu, iteni muuguzi papo hapo. Kuanzia siku ya tano hivi, homa, usaha, au kingo za kidonda kuwa nyeusi ni sababu ya kurudi hospitali. Mpira ukishatoka, maji yanaweza kujikusanya chini ya ngozi kama puto laini. Ni jambo la kawaida, hufyonzwa kwa sindano safi kliniki, hata mara mbili tatu. Pasipasuliwe zahanati kama jipu. Ganzi ya ndani ya mkono karibu na kwapa nayo ni ya kawaida na inaweza kubaki.

Mkono usifungwe kwenye kitambaa ukalazwa. Siku ya kwanza mama akunje ngumi na kukunja kiwiko, mara kumi, kila baada ya saa chache akiwa macho. Mpira ukitoka, aanze kupandisha vidole ukutani, akiweka alama ya mkaa alipofika leo ili kesho apite. Asiyefanya hivyo bega hukakamaa, na mionzi inahitaji mkono uinuliwe juu ya kichwa. Ndoo ya lita 20 na jembe vingoje wiki 6.

Mkono wa upande ulioondolewa tezi unaweza kuvimba hata miaka baadaye, na jeraha dogo linatosha kuuanzisha uvimbe huo. Kwa hiyo kubangua korosho mama awaachie wengine, au avae glavu nene, kwa kuwa mafuta ya ganda huunguza ngozi. Mkono ukiwa mwekundu na wa moto, ni antibiotiki ya hospitali siku hiyohiyo, bila kukanda kwa maji ya moto.

Kama kemo inahitajika, ianze ndani ya wiki 4 hadi 6 baada ya upasuaji. Isivuke miezi mitatu. Mkiwa mnakwenda Ocean Road bebeni barua ya rufaa, majibu ya kinyama cha kwanza, majibu ya ziwa lililotolewa, maelezo ya upasuaji yaliyoandikwa na daktari, picha zote, na orodha ya dawa za presha au sukari. Toeni nakala mbili. Ombeni pia namba ya maabara iliyosoma kinyama, ili huko wakitaka kuongeza kipimo wajue vipande viko wapi.